Maisha ya kila siku chini ya masharti ya janga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Machi 11, 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 imefikia kiwango cha janga la dunia. Hali ya dharura haikuondolewa hadi Mei 5, 2023. Kati ya tarehe hizo mbili watu walifungiwa ndani, wakafunguliwa, wakafungiwa tena. Maswali yaliyo hapa ndiyo yaliyowasumbua wengi, na yatarudi siku ugonjwa mwingine unaoenea kwa hewa utakapozuka. Majibu yametokana na UVIKO-19. Ugonjwa mwingine unaweza kuja na dalili zake na hesabu yake ya siku, kwa hiyo mambo hayo wasikilize wahudumu wa afya wa wakati huo.

Mimi ni mzima. Kwa nini niambiwe nikae ndani?

Kwa sababu mtu huambukiza kabla hajajua kwamba anaumwa. Kwa UVIKO-19, mtu aliweza kuwaambukiza wenzake siku 2 hivi kabla ya dalili ya kwanza kutokea, na wapo walioambukiza bila kuona dalili yoyote. Ukisubiri mtu akohoe ndipo umkwepe, umeshachelewa.

Sababu ya pili ni hospitali. Wagonjwa walewale wakija kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, wanapata kitanda, oksijeni na muuguzi wa kuwaangalia. Wakija wote kwa wiki mbili, wengine watakufa kwa kukosa nafasi tu. Hili lilionekana tangu mafua ya mwaka 1918 nchini Marekani. Mji wa Philadelphia uliacha gwaride kubwa lifanyike Septemba 28, na siku chache baadaye hospitali zake zikafurika. Mji wa St. Louis uliharakisha kufunga shule, makanisa na kumbi za starehe, na kwa kulinganisha na idadi ya wakazi wake ulipoteza watu wachache zaidi.

Nimeanza na sababu kwa makusudi. Tangazo la serikali haliwezi kutaja kila hali utakayokutana nayo. Litasema “epuka mikusanyiko”, lakini halitakuambia kama upande lifti yenye watu wanne, au kama umpokee fundi aliyekuja kutengeneza bomba. Ukijua kinachotafutwa, utaamua mwenyewe.

Basi kinachotafutwa ni nini? Virusi hivi vinasafirije?

Mtu anapopumua, kusema, kuimba au kukohoa, hutoa chembechembe za majimaji. Kubwa huanguka karibu. Ndogo kabisa hubaki zikielea hewani, na katika chumba kilichofungwa huweza kukaa kwa saa kadhaa. Fikiria moshi wa sigara. Uwanjani, mvutaji akiwa hatua tatu kutoka kwako, huenda usiusikie kabisa. Ndani ya chumba chenye madirisha yaliyofungwa utausikia hata ukiwa kona nyingine, tena hata baada ya mvutaji kutoka.

Kwa hiyo kabla ya kuingia mahali popote jiulize: hewa inapita? Tutakuwa wangapi? Nitakaa kwa muda gani? Watu watanyamaza au watapaza sauti? Fundi wa bomba akifanya kazi kwa nusu saa, dirisha likiwa wazi, wote mmevaa barakoa na wewe umekaa chumba kingine, hatari ni ndogo. Marafiki sita waliokaa jioni nzima wakicheka katika sebule iliyofungwa ni hatari kubwa, hata kama wote wamenawa mikono.

Karantini na kujitenga ni kitu kimoja?

Hapana. Karantini ni ya mtu mzima aliyekutana na mgonjwa na anasubiri kuona kama ameambukizwa. Kujitenga ni kwa aliyekwisha kuugua au kuthibitishwa kwa kipimo. Mwaka 2020 karantini iliwekwa siku 14 kwa sababu dalili ziliweza kuchelewa hadi siku hizo. Baadaye nchi nyingi zilizipunguza.

Tunaishi wengi katika chumba kimoja au viwili. Mmoja akiugua tufanye nini?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na miongozo mingi iliandikwa na watu wenye vyumba vya ziada. “Mgonjwa apewe chumba na choo chake” ni ushauri mzuri kwa mwenye navyo. Asiye navyo asikate tamaa, kwa sababu kupunguza kiasi cha virusi hewani ni faida hata kama hakuna anayeweza kuviondoa vyote.

Anzeni na hewa. Fungueni dirisha na mlango unaotazamana nalo ili hewa ipite moja kwa moja. Angalieni pazia linapepea kuelekea wapi: mgonjwa alale upande ambao hewa inatokea nje, wengine wakae upande inakoingilia. Kama kuna feni, iwekwe karibu na dirisha la upande wa mgonjwa ikitazama nje, isukume hewa itoke. Msiielekeze kwa mgonjwa ikawapulizia wengine.

Wakati wa kulala, kama hakuna nafasi ya kuachana, laleni mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Mgonjwa avae barakoa wengine wanapokuwa ndani, naye anayemhudumia avae pia. Chagueni mhudumu mmoja, asiwe mzee wala mtu mwenye kisukari, ugonjwa wa moyo au wa mapafu. Chakula kiwekwe karibu naye, mhudumu asogee, mgonjwa ndipo avue barakoa ale. Vyombo vyake vikioshwa kwa sabuni na maji vinatosha kutumiwa na wengine.

Choo kikiwa cha wote, mgonjwa atumie mwisho inapowezekana, dirisha libaki wazi, na anayefuata asubiri kidogo. Wanaoweza kukaa nje mchana wakae nje. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha hata akiwa na UVIKO-19, akivaa barakoa na kunawa mikono kabla ya kumshika mtoto; huo ndio ushauri wa Shirika la Afya Duniani.

Zaidi ya hayo, zungumzeni na mgonjwa. Mtu aliyewekwa kona moja, anaona kila anayepita amejifunika, huanza kujiona mzigo. Mpigieni simu hata kama mko nyumba moja, mkae na simu hiyo muda mrefu kama ambavyo mngekaa kitandani kwake.

Nitajuaje kwamba sasa ni hospitali, hakuna tena kusubiri?

Mtu akishindwa kumaliza sentensi bila kukata pumzi, kifua kikibana au kuuma mfululizo, akichanganyikiwa, akiwa mgumu kuamka, au midomo na kucha zikigeuka rangi ya kijivu au buluu, tafuteni msaada mara moja. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, angalieni ndani ya mdomo, kwenye fizi na ulimi, maana juu ya ngozi rangi hiyo haionekani haraka.

Kama mna kile kifaa kidogo cha kupima oksijeni kinachobanwa kidoleni, namba ikishuka chini ya 94 wasilianeni na kituo cha afya. Lakini msikitegemee peke yake. Imethibitika kwamba vifaa hivi huweza kumwonyesha mtu mweusi namba ya juu kuliko oksijeni aliyo nayo kweli. Namba ikiwa nzuri na mgonjwa anahangaika kupumua, mwaminini mgonjwa.

Barakoa ya kitambaa inatosha?

Ni bora kuliko kukosa. Ya tabaka tatu ni bora kuliko ya tabaka moja, ya hospitali ni bora zaidi, na ile ngumu inayobana uso pande zote, wanayovaa wahudumu wa wagonjwa mahututi, inazidi zote. Lakini barakoa nzuri iliyovaliwa chini ya pua ni kazi bure. Ivae, kisha vuta pumzi: kitambaa kikivutwa kuelekea usoni, imekaa sawa. Ukihisi upepo unatokea karibu na macho, au miwani ikipata ukungu, hewa inapita pembeni. Bana ule waya wa puani au funga vizuri kamba.

Mtoto wa chini ya miaka 2 asivalishwe kabisa, anaweza kukosa hewa. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri kwamba hata watoto wa hadi miaka 5 wasilazimishwe.

Nipulizie dawa kila kitu kinachoingia nyumbani?

Hapana. Mwanzoni watu waliosha hata mifuko, na hofu ile ilieleweka, lakini baadaye ilibainika kwamba kuambukizwa kwa kugusa vitu ni nadra ukilinganisha na hewa. Nawa mikono kwa sabuni kwa sekunde 20 ukirudi nyumbani. Sabuni inafanya kazi kweli, kwani inaivunja ngozi ya mafuta inayovizunguka virusi hivi. Kama hakuna maji, tumia kitakasa mikono chenye alkoholi isiyopungua asilimia 60.

Ukitumia dawa ya klorini kusafishia, usiichanganye na siki wala dawa nyingine ya usafi. Mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Na usimpulizie mtu.

Kazi yangu haiwezi kufanyika nyumbani. Nikikaa ndani, hatuli.

Sitakuambia ukae ndani. Amri ya kutotoka nje bila msaada wa chakula na kodi humwachia maskini achague kati ya ugonjwa na njaa, na hilo ni kosa la anayetoa amri. India ilipofungwa Machi 25, 2020, tangazo lilitolewa usiku, saa zisizozidi nne kabla, na vibarua wengi waliokuwa mijini walilazimika kurudi vijijini kwao kwa miguu.

Wewe unayetoka, jilinde pale penye hatari zaidi. Mara nyingi penye hatari zaidi ni kwenye usafiri na wakati wa mapumziko ya kula, ambapo watu huvua barakoa na kukaa karibu wakizungumza. Kaa karibu na dirisha na ulifungue. Kuleni nje. Kama mwajiri anaweza kubadilisha zamu ili msiingie wote kwa wakati mmoja, mwombeni kwa pamoja. Ombi la kikundi husikilizwa zaidi kuliko la mtu mmoja anayeogopa kupoteza kazi. Nyumbani, ukiwa unaishi na mzee, keti naye mahali penye hewa.

Nafanya kazi nyumbani na siku haina mwisho. Nifanyeje?

Weka saa ya kufunga, uwaambie wenzako kazini, na ukifika muda huo ondoa vifaa vya kazi machoni hata kama ni kuvifunika kwa kitambaa tu.

Shule zimefungwa. Watoto watapotea?

Mwezi Aprili 2020 UNESCO ilihesabu wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 walioathiriwa na kufungwa kwa shule. Wengi hawakuwa na kompyuta wala intaneti. Kwa hiyo kama mwanao hana masomo ya mtandaoni, usijilaumu. Redio nayo ilifanya kazi: Sierra Leone ilirusha masomo kwa redio shule zilipofungwa kwa ajili ya Ebola mwaka 2014.

Huwezi kuwa mwalimu wa masomo yote, na usijaribu. Shikilia kusoma na kuhesabu kwa mtoto mdogo, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyopotea haraka na kila kitu kingine hujengwa juu yake. Asome kwa sauti mbele yako kila siku, hata kurasa mbili, hata kama ni kitabu kilekile. Akikwama kwenye neno, mpe muda kabla ya kumtajia. Kisha mwulize kilichotokea kwenye hadithi na kwa nini. Mkubwa amfundishe mdogo. Anayefundisha naye hujifunza.

Kijana wa sekondari ana shida nyingine. Amepoteza rafiki zake katika umri ambao rafiki ndiyo dunia yake. Akilala hadi mchana na kujibu kwa mkato, usidhani ni uvivu tu. Mwachie muda wa kuzungumza na wenzake kwa simu bila kusikilizwa, na mpe kazi ya kweli ya nyumba inayomhitaji.

Mfuatilie zaidi binti. Shule zikifungwa kwa muda mrefu, wasichana ndio hupewa kazi zote za nyumbani, ndio huozwa au kupata mimba, na ndio ambao hawarudi darasani milango inapofunguliwa. Tangu siku ya kwanza sema wazi, mbele ya familia nzima, kwamba atarudi.

Mzazi wangu ni mzee na anaishi peke yake. Nimwache bila kumwona?

Usimwache. Mwezi Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilianza kusema “umbali wa kimwili” badala ya “umbali wa kijamii”, likitaka watu waelewe kwamba miili ndiyo inayoachana. Weka kiti nje ya dirisha au mlango wake, ukae hatua mbili au zaidi, mzungumze. Kama hasikii vizuri, barakoa itamzidishia tabu kwa sababu hasomi tena midomo yako. Sogea mbali zaidi, mkiwa nje, uishushe na useme polepole.

Mpigie kwa saa ileile kila siku, ili asipopokea ujue mapema kwamba kuna jambo. Usimwulize tu “hujambo?”, maana atajibu “sijambo” hata akiwa hoi. Mwulize amekula nini leo, amelala saa ngapi, dawa zimebaki ngapi.

Kliniki, chanjo za watoto na dawa za kila siku zinaweza kusubiri?

Hapana. Presha, kisukari, virusi vya UKIMWI na kifua kikuu haviendi likizo, na mtoto aliyekosa chanjo ya surua yuko hatarini kwa ugonjwa unaoambukiza kuliko UVIKO-19 ilipoanza. Uliza kama kituo kinaweza kukupa dawa za miezi mitatu kwa mara moja. Mjamzito asikose kliniki, na akiona damu, kichwa kikali au mtoto kutocheza, aende siku hiyohiyo.

Nimefiwa na siruhusiwi kwenda kuzika. Nitaishije na hili?

Pole sana. Hakuna masharti yaliyoumiza watu kama haya, na kinachouma kina haki ya kuuma. Kuzikwa kwa mpendwa bila wewe kuwepo si ishara kwamba hukumpenda.

Kama mazishi yataonyeshwa kwa simu, jiandaeni. Mara nyingi simu hushikwa na mfiwa mwenyewe, mkono unatetemeka, picha inaonyesha miguu ya watu na ardhi, kisha chaji inakwisha. Mpeni kazi hiyo mtu mmoja asiye wa karibu sana. Aiegemeze mahali imara, awe na chaji ya akiba, na awe anasema kwa sauti ya chini: nani amefika, nani anasoma, sasa wanateremsha. Walio mbali wanahitaji sauti hiyo kuliko picha. Nawe usikae peke yako; kama nyumbani hakuna mtu, rafiki mmoja abaki nawe kwenye laini nyingine hadi baada ya kumalizika, maana skrini ikizimika ghafla ndipo upweke unapokuja wote.

Kama wahudumu wa afya ndio watakaozika, familia iombe mambo mahususi: jina litajwe, sala isomwe, nguo au kitu fulani kiwekwe, mmoja wenu asimame kwa mbali aone. Si kuomba upendeleo. Wakati wa Ebola Afrika Magharibi, watu walificha maiti kwa sababu timu zilikuja na kuondoka bila kuongea na familia. Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani likatoa utaratibu wa mazishi salama na yenye heshima, ukiihusisha familia na viongozi wa dini.

Silali, moyo unaenda mbio, na nalia bila sababu. Ni kawaida?

Ni kawaida kwa maana kwamba hauko peke yako: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa wasiwasi na sonona viliongezeka kwa asilimia 25 duniani katika mwaka wa kwanza wa janga. Lakini usivumilie tu kwa kuwa ni kawaida. Amka saa ileile, toka kwenye mwanga asubuhi, utembeze mwili hata kwa kuzunguka chumba. Sikiliza habari mara moja au mbili kwa siku, na isiwe kabla ya kulala. Punguza pombe, inakulaza haraka na kukuamsha usiku wa manane.

Hali ikidumu zaidi ya wiki mbili, zungumza na mhudumu wa afya. Na kama umefika mahali pa kuwaza kujiua, mwambie mtu leo hii, usikae peke yako.

Ninayefungiwa naye ndiye anayenipiga.

Kukimbia kuokoa maisha si kuvunja masharti. Nchi nyingi zilisema hivyo waziwazi mwaka 2020. Hispania na Ufaransa ziliweka utaratibu ambapo mwanamke aliingia duka la dawa, akasema anataka “barakoa 19”, na mhudumu akaelewa na kutafuta msaada.

Patana na mtu unayemwamini juu ya neno la siri. Ukilitaja kwenye simu, ajue aite msaada. Weka vitambulisho, dawa na fedha kidogo pamoja, mahali unapoweza kuvichukua upesi. Ugomvi ukianza, sogea mbali na jiko na vyumba visivyo na mlango wa pili. Futa ujumbe unaoweza kusomwa. Na wewe jirani unayesikia kelele ukuta wa pili, gonga mlango ukiulizia jambo lolote dogo, au piga simu. Wakati wa kufungiwa ndani, huenda sikio lako ndilo pekee linalosikia.

Ndugu yangu haamini kwamba ugonjwa upo. Nimfanyeje?

Usibishane naye kwenye kundi la familia, atalazimika kushinda mbele za watu. Mpigie peke yake na umwulize anaogopa nini. Mara nyingi chini ya ubishi kuna jambo la kweli: aliwahi kudharauliwa hospitalini, au amepoteza kipato. Kisha omba kitu kimoja kidogo, kama vile kuvaa barakoa akija kwa mama. Akikubali hicho, inatosha kwa leo.

Masharti yamelegezwa, lakini bado naogopa kutoka.

Anza na mahali pa wazi na mtu mmoja, kwa muda mfupi, halafu ongeza. Kama kinga yako ni dhaifu au unaishi na mtu wa namna hiyo, una haki ya kuendelea kuvaa barakoa na kuomba dirisha lifunguliwe, bila kumweleza mtu sababu. Anayeombwa, afungue.